Nyumba ya fremu ya mbao futi 20 kwa 28, Kasese: paini au mikaratusi, na mchwa wazuiwe vipi?

MamaKiwanja

Habari za kazi wakuu. Kiwanja kiko Kasese, Uganda, upande wa mteremko, udongo mwekundu wa moramu, na vichuguu viwili vya mchwa viko karibu. Nyumba ni ya fremu ya mbao, ya kujengwa palepale kiwanjani: urefu futi 28, upana futi 20. Sebule 16 kwa 20, vyumba viwili vya 10 kwa 12 kila kimoja, jiko na choo nje. Kimo cha ukuta karibu futi 9, juu mabati. Mbao tumezichagua kwa ajili ya matetemeko. Huku kwetu la 1966 na lile la Februari 1994 upande wa Kisomoro bado yanatajwa, na ukuta mzito wa matofali yasiyo na nondo ndio unaoua watu.

Fundi anasema tutumie mikaratusi kwa kuwa ni migumu kuliko paini, tuipake oili chafu ya gari kuzuia mchwa, nguzo zikae kila futi 3, na zisimamishwe moja moja kisha ziunganishwe juu. Je, ni sawa? Na vipande vya 4x2 (inchi 4 kwa 2) ninunue vingapi? Mvua za Septemba zinakuja na sitaki kukosea.

---

RandaNaMsumeno

Mama Kiwanja, nianze na mbao, kwa sababu zikinunuliwa vibaya hakuna fundi wa kuzinyoosha.

Ugumu wa mkaratusi ni kweli, lakini ukuta wa fremu hauombi ugumu kwanza. Unaomba mbao iliyonyooka na itakayobaki imenyooka. Mti wa mkaratusi mchanga una mvutano mkubwa ndani yake, ndiyo maana ubao ukitoka tu kwenye msumeno unajikunja kama upinde. Ukikauka unapasuka kuanzia ncha, na msumari ukipigwa karibu na mwisho wa ubao unaugawa vipande viwili usipotangulia kutoboa tundu. Nguzo za mviringo za mikaratusi zilizotiwa dawa kiwandani ni nzuri kwa ua na kwa vibanda. Kwa nguzo za ukuta zilizopasuliwa, chukua paini.

Paini nayo ichague kwa macho. Angalia ncha ya kila ubao: ukiona kiini cha mti, kile kidoa laini cha katikati ya duara, uweke kando. Miti inayovunwa ikiwa michanga ina mbao nyingi za aina hiyo, nazo hupinda kwa urefu zikikauka hata ukizifunga kwa kamba. Rangi ya bluu isikutishe, ni ukungu wa rangi tu na haupunguzi nguvu kwa kiasi cha kukuhangaisha. Kinachodhoofisha ni fundo kubwa lililokaa ukingoni mwa ubao, hasa katikati ya urefu.

Kisha pima vipimo vyenyewe. 4x2 ya sokoni mara nyingi haifiki 4 wala 2, na iliyopasuliwa kwa msumeno wa mnyororo inatofautiana hata ndani ya ubao mmoja. Pima mbao 10 za lundo lile kabla ya kulipa. Nguzo moja ikiwa inchi 4 na jirani yake inchi 3 na robo tatu, ukuta utakuwa na mawimbi ambayo plaiwudi haiwezi kuyaficha. Zipeleke zote mashineni zipigwe randa zilingane na ile nyembamba.

Kukausha: zipange kivulini juu ya magogo, futi moja na nusu kutoka ardhini. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya inchi 1, kila futi 2, vyote vikae katika mstari mmoja wima. Ncha zipake rangi nzito ili zisikauke haraka kuliko katikati. Juu weka mabati na mawe, lakini pembeni usifunike kwa turubai, upepo upite. Kwa unene wa inchi 2, hesabu wiki 8 hadi 12 za jua. Usipokuwa na kipimo cha unyevu, chagua mbao tatu katikati ya lundo, zipime uzito kila wiki na uandike. Wiki mbili mfululizo uzito usipopungua, mbao zimefika pale hewa ya Kasese inapozitaka. Kwa hiyo ukinunua sasa, mvua za Septemba hadi Novemba zikukute mbao zikiwa chini ya paa la muda, na fremu isimame Desemba.

Oili chafu nawaachia wengine.

---

Fundi_Timazi

Futi 3 hapana. Plaiwudi na mbao za dari huja futi 8 kwa 4, hivyo nguzo zikiwa kila futi 2 kati kwa kati, kila ukingo wa ubao unaangukia katikati ya nguzo. Ukiweka futi 3, ukingo unaning'inia hewani, na lipu ya juu ya wavu inapasuka kwa sababu ukuta unacheza. Katika kuchora alama, nguzo ya pili ukingo wake wa karibu uwe inchi 23 kutoka mwisho wa ukuta, wala si 24, kisha endelea kila inchi 24. Ile inchi moja ni nusu ya unene wa nguzo. Ukiisahau, kila ubao utakaoupiga utakosa nguzo kwa inchi moja hadi mwisho wa nyumba.

Kusimamisha nguzo moja moja kunawezekana, ila ni kazi ya kupigana na timazi siku nzima. Ukuta utengenezwe ukiwa umelala juu ya sakafu ya zege, kisha uinuliwe mzima. Utaratibu wake ni huu. Kwanza sakafu ikaguliwe: pembe kwa pembe kwa mshazari, pande zote mbili zisome futi 34 na inchi 5. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu inchi, rekebisha mistari ya chokaa juu ya zege kabla ya kukata ubao wowote. Halafu funga ubao wa msingi (ule unaolala juu ya zege, chini ya ukuta) kwa bolti, na juu yake ndipo ukuta wenye ubao wake wa chini utakapokaa. Wengi huruka ubao wa msingi wakataka kuinua ukuta na kuuteremsha juu ya bolti zilizochomoza. Watu wanne wakiwa wameshika ukuta hewani hawawezi kulenga matundu yote kwa wakati mmoja, na nyuzi za bolti zinaharibika.

Ukuta mrefu ugawe vipande viwili vya futi 14. Kipande kimoja cha paini kavu ni kama kilo 110, watu watano wanakiinua bila shida. Mkaratusi mbichi ungekuwa mara mbili ya hapo. Piga vibao vya kuzuia ukingoni mwa sakafu kabla ya kuinua ili mguu wa ukuta usiteleze nje. Kuta ndefu ziende futi 28 kamili, kuta fupi ziingie katikati yake, kwa hiyo zikatwe futi 19 na inchi 4. Kosa la kukata futi 20 ni la kawaida mno.

Juu ya nguzo weka mtambaapanya (mbao za kulala za juu ya ukuta) mbili, moja juu ya nyingine. Maungio ya ile ya chini yaangukie juu ya nguzo, ya ile ya juu yapishane nayo kwa futi 4 au zaidi. Kwenye pembe, mtambaapanya ya juu ya ukuta mfupi ipite juu ya ukuta mrefu. Hapo ndipo pembe inajifunga.

Hesabu ya nguzo: nje mzunguko ni futi 96, kwa hiyo 48. Ndani kuna futi 20 na futi 12, yaani 32, kwa hiyo 16. Pembe nne kila moja ongeza 2, ni 8. Ukuta wa ndani unapokutana na mwingine, sehemu nne, ongeza 2 kila moja, ni 8. Milango minne na madirisha matano, ongeza 2 kila uwazi, ni 18. Maungio ya kuta ndefu 2. Jumla 100. Ubao wa futi 14 unatoa nguzo moja ya futi 9, na futi 5 zinazobaki zinatoa vibao viwili vya katikati vya inchi 22. Unahitaji safu mbili za vibao hivyo ukuta mzima, karibu 128, basi mabaki yanatosha na mengine yanabaki kwa vizingiti vya madirisha.

Ubao wa chini na mtambaapanya mbili: futi 384, chukua vipande 30. Ubao wa msingi: vipande 10, hivi viwe vya dawa. Kenchi 8: vipande 42. Kwa jumla 182 za 4x2, ongeza kama 10 kwa zitakazokataliwa. Juu ya milango na madirisha linta iwe 6x2 mbili zilizosimama kwa ukingo na kupigiliwa pamoja, zikae juu ya nguzo fupi. Zisining'inie kwa misumari ya pembeni.

---

Mchwa_Hapana

Nimengoja oili chafu itajwe. Mama Kiwanja, usikubali. Oili inakaa juu ya ubao milimita chache, mchwa wanapitia ufa wa kwanza utakaofunguka au ncha iliyokatwa baadaye. Tena rangi haishiki, na ukuta umeongezewa kitu kinachowaka.

Mchwa wa huku wanatoka ardhini na lazima warudi ardhini kwa ajili ya maji. Kwa hiyo vita vyote viko kwenye futi mbili za chini ya nyumba. Kazi ya msingi ni kuwalazimisha wapite mahali unapoweza kuwaona.

Vichuguu vichimbwe hadi malkia atoke, na shimo lijazwe moramu iliyoshindiliwa. Mizizi na visiki vyote ndani ya eneo la nyumba vitolewe, kisiki kilichofukiwa ni chakula kinachowaita. Msingi uinuke inchi 18 juu ya ardhi kwa upande wa juu wa mteremko, si upande wa chini, maana hapo ndipo mafundi wanapopimia vibaya. Juu ya matofali ya msingi weka mshipi wa zege wa inchi 8 wenye nondo, na sakafu imwagwe pamoja na mshipi huo siku moja, zege 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto), na wavu wa chuma wa BRC ndani. Sakafu ikimwagwa baadaye kuna ufa kati yake na mshipi, nao ni barabara ya mchwa iliyofichwa chini ya ubao wa ukuta, hutawaona hadi nguzo iwe tupu ndani. Dawa ya udongo inanyunyiziwa juu ya moramu iliyoshindiliwa kabla ya kutandika nailoni. Fuata kipimo cha lebo, vaa glavu na barakoa, na usinyunyizie mvua ikikaribia wala karibu na kisima.

Bolti za milimita 12, zilizopindwa chini, zikae inchi 7 ndani ya zege likiwa bichi. Moja kila futi 4, na moja ndani ya futi 1 ya kila mwisho wa ubao. Washa za bolti ziwe pana za mraba. Juu ya mshipi: dipisi (karatasi ya kuzuia unyevu), kisha bati la mabati lisilo na mawimbi, ukingo wake wa nje utokeze inchi 2 na upindwe kwenda chini, kisha ubao wa msingi. Maungio ya bati yazibwe kwa risasi ya kulehemu, matundu ya bolti kwa lami. Bati hilo haliwaui mchwa. Linawafanya wajenge njia yao ya udongo kwa nje, na wewe ukipita kila mwezi unaibomoa. Kwa hiyo maua, kuni na ndoo zisiegemezwe ukutani, acha futi 2 wazi kuzunguka nyumba.

Ubao wa msingi uwe umetiwa dawa kwa shinikizo, ule wa kijani. Ukiukata, ncha mpya ipakwe dawa mara mbili, maana ndani huwa haikufika. Dawa hiyo ina shaba, inakula msumari wa kawaida, basi tumia misumari iliyopakwa zinki. Na nasema kwa msisitizo: mabaki ya mbao hizo yasipikiwe. Moshi na majivu yake yana aseniki. Yafukiwe mbali na kisima, na watoto wasiyakusanye kama kuni.

Nguzo za juu, ambazo hazitaona mvua, zinatosha kwa boraksi na asidi ya boriki: kilo 6 za boraksi na kilo 4 za asidi katika lita 90 za maji ya uvuguvugu. Zizamishe mbao zikiwa bado mbichi, kisha zifunikwe kwa nailoni wiki tatu au nne ili dawa itembee hadi ndani, ndipo zipangwe kukauka kama alivyoeleza RandaNaMsumeno. Mbao zikishakauka dawa hii haiingii. Na mvua inaiosha, kwa hiyo fremu isikae wazi bila paa.

---

MamaKiwanja

Asanteni sana, nimeandika yote. Maswali mawili yamebaki. Fundi anasema vibao vya katikati vinatosha kuzuia ukuta kuyumba, hakuna haja ya mbao za mshazari. Na kenchi za futi 20 zitatokaje kwenye mbao za futi 14? Upepo wa mvua huku unang'oa mabati.

---

Fundi_Timazi

Vibao vya katikati vinazuia nguzo isijipinde, basi. Chukua fremu ya nguzo mbili na mbao mbili, isukume pembeni: inalala kama sanduku la kiberiti lililo wazi, hata uongeze vibao kumi vya kulala. Kinachoishika ni pembetatu. Tetemeko halisukumi nyumba kutoka juu, linaitikisa kwa pembeni, kwa hiyo hapa ndipo sababu yako ya kuchagua mbao inapata maana au inapotea.

Kila ukuta wa nje upate bresi (mbao za mshazari) mbili, moja imeegemea kushoto, nyingine kulia, kutoka ubao wa chini hadi mtambaapanya, pembe kati ya nyuzi 45 na 60. Tumia 6x1. Chonga kila nguzo inchi 1 upande wa nje, bresi izame ilingane na uso, misumari mitatu ya inchi 2 na nusu kila nguzo. Isikatwe katikati kupisha dirisha. Dirisha likiwa njiani, lisogeze au piga plaiwudi nzima kwenye pembe hiyo, msumari kila inchi 6 ukingoni. Ukuta uwekwe wima kwa timazi kwanza, bresi ipigiliwe baadaye. Ukigeuza, umefunga kosa milele. Bresi za muda za ndani zisitolewe mpaka kenchi na pao zote ziwe zimepigiliwa.

Kenchi: mwinuko uwe futi 4 kwa kila futi 10. Makombamoyo (mbao za mteremko za kenchi) yakitokeza nje kwa futi 2 na nusu, urefu wake ni futi 13 na nusu, ubao mmoja wa futi 14 unatosha bila kiungo. Ukipunguza mwinuko hupati faida, ukiuzidisha unaanza kuunga. Ubao wa chini wa kenchi ndio unaoungwa: futi 14 na futi 6. Kiungo kisikae katikati kabisa, nacho kwa futi 14 na 6 hakikai. Pande zote mbili weka vipande vya futi 4 vya 4x1, na bolti mbili za milimita 10 kila upande wa kiungo pamoja na misumari. Ubao huu unavutwa, kwa hiyo misumari mitatu ya pembeni inafunguka polepole na kuta zinasukumwa nje. Geuza nafasi ya kiungo, kenchi moja kushoto, inayofuata kulia.

Kenchi zikae kila futi 4, kila moja juu ya nguzo kamili, ili uzito ushuke kwa mstari mmoja hadi kwenye zege. Pao 3x2, safu 6 kila upande, chukua vipande 28.

Upepo unapitia chini ya mabati na kuinua, nao unatafuta kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Msumari uliopigwa kupitia mtambaapanya hadi ncha ya nguzo unachomoka kirahisi kwa sababu umeingia sambamba na nyuzi za mbao. Kwa hiyo pitisha hupaironi (ukanda wa chuma wa kufungia) juu ya kila kenchi, ishuke pande zote mbili za nguzo, misumari isiyopungua 4 kila upande. Chini ya nguzo hizohizo nyingine ipite chini ya ubao wa msingi kabla haujafungwa, ipande juu ya nguzo. Ukifunga juu tu, upepo utaling'oa paa pamoja na kuta.

---

RandaNaMsumeno

Naongeza mawili. Kwa nje, ukitaka lipu, pigilia karatasi ya lami kwanza, kisha wavu wa kuku uliotengwa na karatasi kwa robo inchi ili lipu iushike kwa nyuma, mkono wa kwanza na wa pili jumla ya inchi 1, simenti 1 mchanga 4. Ukiweka mbao za kulala, ubao wa juu ulalie ule wa chini kwa inchi moja na nusu, msumari mmoja tu kwa kila nguzo, juu kidogo ya ukingo wa ubao wa chini. Ukipiga miwili, ubao unaposinyaa kiangazi unapasuka katikati. Vyovyote utakavyochagua, mwisho wa chini uishie juu ya ukingo wa bati la mchwa, la sivyo umewajengea mchwa ngazi nyuma ya bati lao.

Na kibali. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya Uganda ya 2013 inakutaka uwe nacho kabla ya kuchimba, na kamati ya ujenzi ya eneo lako ndiyo inayotoa. Kwenye michoro onyesha bolti, bresi na hupaironi wazi, kwa sababu wakaguzi wengi wamezoea matofali na watauliza nyumba ya mbao imeshikwa na nini.

---

Mchwa_Hapana

Mabomba ya maji na ya nyaya yanayotoboa sakafu yawekwe kabla ya kumwaga zege, na pembeni yake pazibwe kwa lami. Bomba likitobolewa baadaye kwa patasi, tundu hilo moja linavunja kazi yote ya bati.